Giaboksi ya Tipa

"Faili hili nalitaka mezani kwangu kabla jua halijazama," Mkuu wa kituo alisema, "na nalitaka likiwa limefungwa."

Inspekta wa kike aliyesimama mbele yake aliitwa Kupe. Si jina alilopewa na mama yake. Wenzake kituoni ndio waliompachika, kwa kuwa akishaing'ang'ania kesi haachii mpaka ashibe, na yeye badala ya kununa alilipokea kama cheo. Siku hiyo alikuwa na njaa.

"Mkaguzi wa magari ameandika, mwenye gari ameeleza, watu wa getini wameona," Mkuu aliendelea. "Unataka nini tena?"

"Namtaka aliyeua, mkuu."

"Si yule aliyelazwa?"

"Yule ndiye aliyekuwa ameshika usukani. Hayo ni mambo mawili."

Mkuu akapiga mwayo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yaishe, na watu wa namna hiyo wakipewa ofisi hawana tofauti kubwa na wabaya.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Tipa kuukuu la kubeba kokoto lilikuwa likishuka mlima wa machimbo, limejaa pomoni. Likamshinda dereva, likavunja geti, likamuua mzee aliyekuwa mlinzi wa geti hilo, kisha likajipigiza ukutani. Dereva alitoka hai, mguu umevunjika, na sasa alikuwa hospitali, mkono mmoja umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Mkaguzi alikwenda kulitazama lile gari siku ya pili yake akaandika kwamba breki zimeungua, giaboksi ni nzima haina kasoro, na liva ya gia imekutwa nyutro, yaani haiko kwenye gia yoyote. Kwa lugha ya kila siku: dereva aliliachia gari lishuke nyutro ili apunguze mafuta, akategemea breki peke yake, breki zikaungua. Kesho asubuhi angesomewa shtaka la kuua, pale pale kitandani.

Watu wote walimwita dereva huyo Taratibu. Jina hilo ndilo lililomkosesha Kupe usingizi. Mtu hapewi jina kama hilo kwa kushuka milima nyutro.

Kwenye ukumbi, nje ya ofisi ya Mkuu, palikuwa na benchi moja, na juu ya benchi alikuwa ameketi mke wa Taratibu. Alikuja siku ya ajali na mfuko wa nguo, na kila kulipokucha alirudi akakalia pale pale. Askari walikuwa wamejaribu kumwondoa. Aliwaambia, "Benchi ni la wananchi, na mimi ni mwananchi. Mkileta lenu la nyumbani, nitalikalia hilo pia." Wakamwacha.

Kupe alipotoka alimkuta Tajiri, mwenye yale malori, ameinama mbele ya mama yule na karatasi mkononi. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka linakata.

"Shemeji," Tajiri alikuwa akisema kwa sauti ya asali, "mwambie mumeo aweke sahihi hapa. Akubali tu kwamba aliteleza, ni binadamu. Mahakama humhurumia anayekiri. Na mimi siwezi kuwatupa nyinyi."

"Shemeji yako mimi? Umeoa wapi kwetu?"

"Nakuita kwa heshima..."

"Heshima ungempa mume wangu gari. Ulimpa jeneza la magurudumu, sasa unamletea karatasi. Hiyo karatasi kafungie maandazi."

Tajiri akajiinua, akamwona Kupe, akatabasamu. "Ana uchungu. Namwelewa." Akaingia kwa Mkuu bila kubisha hodi.

Kupe aliketi mwisho wa benchi. "Dada, nitakuuliza mara moja, unijibu kwa ukweli hata kama utamwumiza mzee wako. Alikuwa na tabia ya kushuka nyutro?"

"Afande, mume wangu hata sebuleni anatembea kama amebeba trei la mayai. Ningekuwa na mume wa nyutro, ningekuwa ninafika harusini mapema." Kisha uso wake ukabadilika. "Sasa nikuulize na mimi. Anayeachia gari nyutro, mkono unamtoka malengelenge ya nini?"

"Malengelenge gani?"

"Kiganja cha kushoto. Ile gia ilikuwa inaruka. Akianza tu kushuka na mzigo, inajitoa yenyewe. Basi anaishikilia kwa nguvu zote mlima mzima, mkono mmoja kwenye liva, mmoja kwenye usukani. Alikuwa akirudi nyumbani hawezi kushika kijiko. Nikamshonea kifuniko cha kirungu cha gia, nikatia sponji ndani, angalau kisimchune. Alikuwa nacho siku ile ile."

Kupe akafungua faili, akatazama picha ya mkaguzi. Kirungu cha gia kilikuwa cheusi, kitupu, kinang'aa. Akalifunga faili. Shahidi ukimwonyesha unachokitaka atakupa hicho hicho, na yeye hakutaka kupewa, alitaka kukuta.

"Kifuniko hicho usimweleze mtu mwingine yeyote kilivyo," alisema. "Hata mimi usinieleze bado."

Lile tipa lilikuwa kwenye yadi ya Tajiri mwenyewe. Kituo hakikuwa na nafasi ya kuweka lori, kwa hiyo kielelezo cha kesi kilivutwa siku ile ile ya ajali kikapelekwa kwa mwenye nacho akitunze. Fisi alikabidhiwa bucha, na bucha lina kufuli ambalo ufunguo wake fisi ndiye anao.

Tajiri alimfuata huko huko, akamzungusha gari kama mtu anayeliuza. "Tazama mwenyewe, Afande. Pua imeingia ndani, lakini gari lilikuwa zima. Injini nimeweka juzijuzi. Asubuhi ya ajali lilishapeleka mizigo na kurudi. Linamwaga kokoto, bodi inapanda, bodi inashuka, hakuna tatizo. Gari bovu litafanya kazi hiyo?"

"Bodi ilipanda na kushuka asubuhi hiyo hiyo?"

"Watu wote wa mizani waliona."

"Rudia polepole, naandika."

Tajiri alirudia kwa raha. Kupe akaandika neno kwa neno, akamsomea, akamwomba aweke sahihi. Akaweka kwa madaha, kalamu ya dhahabu.

Kisha Kupe akapanda kwenye kabini. Chini ya kiti cha dereva palikuwa na chupa ya soda iliyojaa nusu, kimiminika cheusi.

"Hiyo hapo!" Tajiri alichungulia dirishani. "Sikutaka kumvunjia mtu heshima, lakini hiyo nayo ni sababu. Alikuwa anakunywa."

Kupe alifungua kizibo. Harufu nzito ya oili ya gia ikampiga puani. Akachovya kidole, kikatoka kinateleza, akakipeleka dirishani karibu na mdomo wa Tajiri. "Karibu. Tuonje wote."

Tajiri akarudi nyuma. Kupe akajifutia kidole kwenye karatasi na kuwaza. Dereva hatembei na oili ya gia chini ya kiti ila giaboksi yake inavuja. Yenye kuvuja huongezwa oili kila siku, na kila siku uchafu huigandia. Alivua koti, akalala chali, akajisukuma chini ya gari.

Alianza na breki kwa sababu ripoti ilianza na breki. Ngoma za breki zilikuwa zimegeuka rangi ya bluu kwa moto. Hilo lilikuwa kweli, lakini halikumwambia kitu: breki huungua kwa dereva mzembe aliyeachia nyutro, na huungua vile vile kwa dereva aliyetokwa na gia njiani akabaki hana kingine cha kushika. Akasogea.

Chasisi, springi, propela, kila kitu kilikuwa kimevaa vumbi jeupe la machimbo lililoshikamana na oili mpaka likawa gamba. Giaboksi peke yake ilikuwa kavu. Kwenye mikunjo yake mlikuwa na udongo mwekundu. Labda gari liliwahi kubeba udongo mwekundu, alijijibu. Lakini udongo huo ungechagua giaboksi tu, uache springi zilizo shubiri moja pembeni? Akamulika boliti zilizoishika. Vichwa vyake vilikuwa na mikwaruzo mipya ya spana.

Kulikuwa na kitu kingine. Pembeni ya giaboksi, chini ya bodi, palikuwa na pampu, na kutoka kwenye pampu kilitoka kishafti kifupi kilichoelekea mbele. Kishafti hicho hakikufika popote. Kilikuwa kinaning'inia hewani, ncha yake imefungwa kwenye chasisi kwa waya.

"Na hiki ni nini?" aliuliza kutoka chini.

Viatu vya Tajiri vikasogea nyuma. "Vikorokoro tu vya zamani. Ajali imekata."

Kupe aliutazama ule waya. Ulikuwa mpya na ulikuwa umesokotwa vizuri kwa koleo. Ajali ya kukata chuma kisha ikatulia ikafunga waya alikuwa hajawahi kuisikia. Akapiga picha, akatoka mavumbini, akamshukuru mwenyeji wake kwa ukarimu.

Wodini, Taratibu alikuwa amelala ametazama dari. Alikuwa mtu mwembamba, mpole wa macho, na kile kiganja cha kushoto alikigeuza juu bila kuambiwa. Malengelenge yalikuwa yamepasuka na kuanza kuwa sugu.

"Nieleze mlima ule," Kupe alisema.

"Niliingia mlimani na gia ya pili. Sijawahi kushuka pale na gia nyingine. Kwenye kona ya kwanza ikajitoa, nikairudisha. Kwenye kona ya pili ikajitoa tena, na safari hii mwendo ulishazidi, inasaga tu, haiingii. Nikabaki na breki mpaka zikaisha." Akarudisha macho darini. "Nilipiga honi kutoka kule juu mpaka chini. Yule mzee masikio yake yalikuwa mazito. Kila asubuhi tulikuwa tunataniana kuhusu masikio yake." Machozi yakamtoka na hakuweza kuyafuta, maana mkono mmoja ulikuwa kwenye pingu na mwingine ulikuwa kidonda.

Kupe akamfuta kwa kitambaa chake. "Ulimwambia Tajiri kwamba gia inaruka?"

"Tangu alipoweka injini ya basi. Akaniambia dereva hodari hashindwi na gia. Jana ameleta karatasi hapa. Nikamwambia mguu umevunjika, lakini mkono wa kusaini mzima ninao, na kwa sababu ni mzima siutoi."

"Spea zake hununua wapi?"

"Spea zote za malori makuukuu hapa mjini zinatoka kwa Mama Difu."

Mama Difu alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na yadi yake ilikuwa nyuma ya gereji. Injini zilipangwa upande mmoja juu ya mbao, giaboksi upande mwingine, difu zimerundikana katikati, na yeye mwenyewe alikaa kwenye kiti cha lori alichokipachika juu ya tairi. Kupe alikuja na blauzi ya kawaida, bila kitambulisho shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tupishane kwa maneno machache, jua kali. Unataka nini?"

"Giaboksi ya lori la zamani. La magurudumu kumi."

"Lori la mzigo au tipa?"

Kupe aliyekuwa anataka kuendelea na uongo wake akakwama. "Kuna tofauti?"

Mama Difu akavua miwani ili amwone vizuri mtu wa namna hiyo. "Nani amekutuma sokoni peke yako? Njoo." Akamshika mkono mpaka kwenye safu ya giaboksi, akaipiga moja kwa kofi. "Hii ya lori la mzigo. Pitisha mkono ubavuni. Unaona? Ubavu mzima. Sasa hii ya tipa. Ina dirisha. Hapo kwenye dirisha ndipo inapokaa gia ya pampu. Kile kishafti kinatoka hapo, kinazungusha pampu, pampu inasukuma oili, bodi inapanda. Ukimfungia mtu mwenye tipa giaboksi ya ubavu mzima, kokoto atashusha kwa koleo na wajukuu zake."

Kupe alisimama pale mkono ungali kwenye chuma. Alikiona kile kishafti kinaning'inia na waya wake mpya. Akaiona sahihi ya kalamu ya dhahabu chini ya maneno *bodi inapanda, bodi inashuka*. Furaha isiyo ya kistaarabu ikamjaa.

"Na injini, mama? Nimeshauriwa niweke ya basi. Ni nyepesi, inakimbia."

"Aliyekushauri anakuchukia. Injini ya basi inapenda kukimbia, lori la mawe linataka injini inayovuta polepole na nguvu zake ziko chini. Haya, tuseme umeikosa, umechukua ya basi. Basi ichukue na giaboksi yake, zimezoeana. Ukichukua injini peke yake, giaboksi yako ya zamani haiingii, itabidi utengenezewe pleti la kuunganisha. Pleti hilo matundu yake yakitoka katikati kwa unene wa ukucha tu, shafti ya mbele inazunguka imelala upande, inakula beringi, na siku ya mlima gia inajitoa yenyewe. Kushuka na mzigo si kazi ya breki, mwanangu. Anayekushika ni injini, na anakushikia kwenye gia. Breki ni ya kusimamia."

"Umemweleza hivyo kila mteja?"

"Kila mmoja. Wengine hawana masikio." Akarudi kukaa. "Sasa toa kitambulisho chako tuzungumze, maana mteja wa kweli angeshauliza bei."

Kupe akacheka, akatoa kitambulisho. Mama Difu akakisoma pande zote mbili, hata kule nyuma kusikoandikwa kitu.

"Tajiri alikuja hapa siku ya ajali," Kupe alisema kwa kubahatisha.

"Jioni yake. Akasema nipe giaboksi yoyote inayoingia kwenye pleti lile la injini ya basi. Nikamwambia iliyopo ni ya lori la mzigo, ubavu mzima, tipa lako halitainua bodi. Unajua alinijibu nini? 'Haliinui kitu tena hilo.' Nikadhani analitengeneza aliuze. Sikujua bado kama kuna mtu amekufa."

"Na ile aliyoitoa?"

"Hapa kwangu ukichukua spea unaacha ya zamani. Ndiyo desturi ya yadi zote, bei inapungua. Huyu tajiri wako hata akizika mama yake ataomba apunguziwe." Akanyoosha kidole kwenye kona iliyofunikwa turubai. "Leo asubuhi amenipigia simu, anasema niikate kwa gesi niuze chuma chakavu, tena leo leo. Nikamwuliza ameanza lini kunipangia kazi. Akasema atanifanyia hivi na vile. Nikamwambia chuma kilichoingia yadi yangu ni changu, nitakikata nikipenda. Akakata simu yeye."

Kupe alifunua turubai mwenyewe.

Giaboksi ilikuwa imeganda vumbi jeupe na oili nyeusi. Ubavuni ilikuwa na dirisha, na gia ya pampu ilikuwa ingali imekaa mahali pake. Mbele, shafti ilipotikiswa ililia kama mtungi wenye jiwe. Liva ya gia ilikuwa bado imesimama juu yake, maana kwenye malori hayo ya zamani liva imekaa juu ya giaboksi yenyewe. Walioing'oa waling'oa vyote pamoja kwa haraka. Na kwenye kirungu cha liva, kimelowa jasho na oili, palikuwa na kifuniko cha kitambaa.

Hakukigusa. Alipiga picha kutoka kila upande, akakivika mfuko wa nailoni, akaufunga kwa utepe, Mama Difu akatia sahihi juu ya utepe. Alichukua maelezo ya yule mama tangu mwanzo mpaka mwisho. Kisha akatazama juu. Jua lilikuwa limeanza kuinama.

"Una gari la kubeba hii, mama?"

"Ninalo. Na lina giaboksi yake ya kuzaliwa."

Giaboksi iliteremshwa na watu wanne ikawekwa katikati ya ukumbi wa kituo, sakafu ikatikisika. Mkuu alitoka ofisini akiwa na hasira, Tajiri nyuma yake na ile karatasi yake. Tajiri alipoona kilichokuwa sakafuni, karatasi ilimponyoka.

"Hii ni nini?" Mkuu aliuliza. "Nimesema nataka faili."

"Ndilo hili, mkuu. Limekuwa zito kidogo."

"Inspekta, nilikupa amri."

"Ulinipa mpaka jua kuzama. Lipo." Kupe alisema hivyo akimtazama machoni, na alijua huenda siku hiyo ndiyo ya mwisho kwake kituoni pale, na hakujali. Kisha akageukia benchi. Mfuko wa nailoni ulikuwa mweusi, hakuna aliyeweza kuona ndani. "Dada, kile kifuniko ulichoshona. Sasa kieleze."

Mke wa Taratibu hakusimama. "Kitambaa cha pazia la sebuleni, maua ya bluu. Nilishona kwa uzi mweupe, ukaniishia, nikamalizia na wa kijani. Ndani nimetia sponji ya kuoshea vyombo kwa sababu nyingine sikuwa nayo."

Kupe alikata utepe, akauvua mfuko taratibu. Maua yalikuwa ya bluu chini ya uchafu. Mshono ulianza mweupe, ukamalizikia kijani. Kwenye tundu moja la pembeni sponji ilikuwa imechungulia.

"Pazia la namna hiyo linauzwa kila duka," Tajiri alisema.

"Kweli kabisa," Kupe alikubali. "Tuliweke kando. Twende kwenye maneno yako mwenyewe." Akafungua faili, akasoma: "'Bodi inapanda, bodi inashuka, asubuhi hiyo hiyo, watu wote wa mizani waliona.' Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Giaboksi iliyofungwa kwenye tipa lako sasa hivi ubavu wake ni mzima. Haina mahali pa gia ya pampu. Pampu umeifunga na waya. Sasa nieleze, bodi ilipandaje?"

Tajiri alimtazama Mkuu. Mkuu alikuwa mvivu lakini hakuwa mjinga. Alikuwa amekwisha kupiga magoti mbele ya giaboksi, anapitisha mkono dirishani, akiangalia picha aliyopewa na Kupe, akirudi dirishani.

"Labda dereva alibadilisha bila mimi kujua," Tajiri alisema.

"Alibadilisha akiwa na mguu uliovunjika na pingu mkononi?"

"Mafundi wangu basi. Mafundi hawa..."

"Mwambie ulivyoniambia jioni ya ajali," Mama Difu alisema kutoka mlangoni. "'Haliinui kitu tena hilo.' Na simu ya leo asubuhi mwambie pia."

"Wewe mwanamke nitakufungia yadi!"

"Anza na kufungua mdomo kwanza."

Mkuu akasimama, akajifuta magoti. Sauti yake haikuwa ile ya mwayo. "Kwa nini uliitoa? Kama gari lilikuwa zima, kwa nini uliitoa giaboksi nzima usiku ule ule mtu alipokufa?"

Tajiri akamshika Mkuu mkono. "Mkuu, nakuapia. Sikujua kwamba ingeruka kiasi kile."

Kupe akatoa kalamu.

"Ulikuwa unajua inaruka kiasi gani?" aliuliza.

Karatasi ya kukiri makosa ilikuwa imeanguka sakafuni karibu na giaboksi, inanywa oili. Mkuu aliiokota kwa ncha za vidole, akaitazama sehemu ya sahihi iliyobaki tupu, akamwita askari wa zamu. Akamwagiza apige simu hospitali wamfungue dereva pingu sasa hivi, wasisubiri karatasi, karatasi zitafuata. Kisha akamwagiza amchukulie Tajiri maelezo, na amkalishe pale ukumbini asiondoke mpaka atakapoitwa.

"Akae wapi, mkuu?" askari aliuliza. "Benchi ni moja."

Hapo ndipo mke wa Taratibu aliposimama, mara ya kwanza siku hiyo. Alichukua mfuko wake wa nguo, akajipangusa sketi, akapafuta kwa kiganja pale alipokuwa ameketi, vizuri, kama mtu anayemwandalia mgeni.

"Keti, shemeji," alisema. "Nimekupashia moto."